Masizi na Maji ya Mlima

Wako watu wasemao kwamba elimu ya vitu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho wala kwa hadubini ya kawaida ya shule, si elimu ya mtoto wa Nyeri. Husema kwamba mtoto wa mkulima wa kahawa akijua kupalilia, kukama ng'ombe na kujibu maswali ya mtihani, basi amejua ya kumtosha. Mengine ni mambo ya Houston na Tsukuba, ya watu wenye fedha za kuchezea. Nimeyasikia maneno haya sokoni Karatina, nimeyasikia katika mikutano ya wazazi, na, jambo linisikitishalo zaidi, nimeyasikia katika vyumba vya walimu, vinywani mwa watu waliopitia chuo cha ualimu kama nilivyopitia mimi. Nakuandikia wewe, msomaji, ili niyapinge. Sitayapinga kwa kukuahidi kwamba elimu hiyo itakutajirisha, maana ahadi ya namna hiyo ni ya mchuuzi. Nitayapinga kwa sababu elimu hiyo inahusu maji, na wewe umezaliwa kando ya chemchemi ambazo watu wengi walio mbali nawe huzitegemea kwa kinywaji chao, mimea yao na mifugo yao.

Twaa koroboi yenye mafuta ya taa, uiwashe, kisha shika kipande cha bati juu ya ulimi wa moto. Baada ya dakika chache utapata masizi meusi, mororo kama unga. Yakung'ute ndani ya glasi ya maji. Utaona kwamba hayataki kuingia. Yanaelea juu kama ngozi, na hata ukiyakoroga kwa nguvu hurudi yakashikamana mafungu mafungu, au yakaganda kwenye kuta za glasi. Mama yeyote aliyewahi kusugua sufuria ya jikoni analijua jambo hili bila kufundishwa. Kitabu cha kemia hulisema kwa maneno manne: kaboni haiyeyuki katika maji. Mwanafunzi huyaandika maneno hayo, hupewa alama yake, na sura ya kaboni hufungwa hapo. Mimi nasema kwamba hapo ndipo ilipostahili kufunguliwa.

Kwa nini kaboni haiyeyuki? Swali hili halimo katika mtihani, na kwa hiyo ni wachache waulizao. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo. Kwa hiyo kila molekuli huishika jirani yake, na jirani humshika mwingine, mpaka maji yote yakawa kama umati wa watu walioshikana mikono. Kitu kitakacho kuingia kati yao sharti kiwe na mkono wa kushikwa. Chumvi inao, kwa sababu sehemu zake zina chaji. Sukari inao, kwa sababu imejaa oksijeni na hidrojeni ambazo maji huzitambua. Uso wa kaboni tupu hauna mkono wowote. Maji huupita, yakashikana yenyewe kwa yenyewe. Na punje za kaboni, zikiwa zimeachwa upweke, hukumbatiana. Hilo ndilo fungu jeusi unaloliona likielea katika glasi yako.

Masizi hayo unayoyadharau si unga wa kawaida. Punje moja moja ya masizi ya taa ina kipenyo cha makumi ya nanomita, na nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mara 1,000,000,000. Unywele wako ni mnene kiasi cha nanomita 80,000. Katika ukubwa huo, au tuseme udogo huo, wataalamu wameona maajabu kwa muda wa miaka arobaini iliyopita. Mwaka wa 1985, katika Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley waligeuza grafaiti kuwa mvuke na kukuta ndani yake molekuli ya atomi 60 za kaboni, iliyoviringana kama mpira wa miguu. Wakatunukiwa Nobel ya kemia mwaka wa 1996. Molekuli hiyo huitwa fulerini. Mwaka wa 1991 Sumio Iijima wa Japani alieleza juu ya mirija ya kaboni ambayo upana wake hupimwa kwa nanomita. Mwaka wa 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walionyesha namna ya kubandua grafaiti mpaka ukabaki utando wa unene wa atomi moja, uitwao grafini, na mwaka wa 2010 wakapewa Nobel ya fizikia. Mirija hiyo ina nguvu kushinda chuma cha pua, na hupitisha umeme. Lakini mpira ule, mirija ile na utando ule vilikuwa na tabia moja iliyowasumbua wenyewe: kama masizi ya koroboi, vyote vilikataa maji.

Usilione jambo hili kuwa dogo. Damu ni maji. Utomvu wa mmea ni maji. Mto ni maji. Dawa isiyokubali maji haisafiri mwilini. Chujio lisilokubali kuloana halichuji. Na kitu kilichokusanyika fungu moja hakifanyi kazi ya vitu elfu vilivyotawanyika. Ikawa sharti kaboni ifundishwe adabu ya maji.

Njia waliyoipata ni ya ukali. Mwaka wa 1998 kikundi cha Smalley kilieleza jinsi walivyoitia mirija ya kaboni katika mchanganyiko wa asidi ya sulfuriki na asidi ya nitriki, sehemu tatu kwa moja. Asidi iliila mirija mahali ilipokuwa dhaifu, kwenye ncha na kwenye kasoro, ikaikata vipande vifupi, na kila ilipouma iliacha kikundi cha atomi kiitwacho kaboksili: kaboni moja, oksijeni mbili na hidrojeni moja. Kikundi hicho si kigeni kwako. Ndicho kilichomo katika siki, na ndicho kinachoifanya siki kuwa kali. Kikiingia katika maji huachia hidrojeni yake, kikabaki na chaji hasi. Sasa uso wa kaboni una mikono ya kushikwa; na zaidi ya hayo, mrija mmoja wenye chaji hasi humsukuma mwenziwe mwenye chaji hasi, hata hawawezi tena kukumbatiana. Maji yakawa meusi, na weusi ule haukutuama.

Na kama unadhani kwamba kazi hii yataka kaboni ya bei ghali, sikiliza habari ya mwaka wa 2007. Katika Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, Haipeng Liu, Tao Ye na Chengde Mao walitwaa masizi ya mshumaa. Naam, masizi ya mshumaa. Waliyachemsha katika asidi ya nitriki kwa saa nyingi, wakayasafisha, na kupata chembe ndogo zilizokubali maji, ambazo zikimulikwa kwa mwanga wa urujuani usioonekana kwa jicho hung'aa kwa rangi mbalimbali kwa kadiri ya ukubwa wao. Miaka mitatu kabla yao, kule South Carolina, watu waliokuwa wakisafisha mirija ya kaboni kwa asidi hiyo hiyo waliona mng'ao wa namna hiyo katika takataka walizokuwa karibu kuzitupa. Leo chembe hizo zina jina lake na maelfu ya watu wanazichunguza, kwa ajili ya kumulika chembe hai za mwili na kutambua sumu katika maji. Mwanzo wake ni masizi.

Hapa naomba kusimama kidogo, kwa sababu nafundisha watoto na sipendi neno litumiwe ovyo. Tunaposema kwamba kaboni hii imeyeyuka, hatusemi kwamba imeyeyuka kama chumvi, ikavunjika mpaka sehemu yake ya mwisho. Mrija unabaki mrija. Umetawanyika tu, ukaelea pasipo kuzama wala kushikana na mwingine. Wengi huita jambo hili kuyeyuka, nami nitawafuata; lakini wewe uijue tofauti, maana baadaye tutaihitaji.

Asidi pia ina gharama yake. Kila kaboksili iliyopandikizwa ni jeraha katika ukuta wa mrija, na umeme uliokuwa ukipita pale kwa urahisi hukwama. Hewa ya kahawia hutoka katika kuchemsha, nayo ni sumu ya mapafu. Kisha masizi yaliyotendwa sharti yaoshwe na kuoshwa tena hata asidi iishe, na maji ya kuoshea ni mengi kuliko kitu chenyewe kinachooshwa. Usijaribu kazi hii nyumbani, wala shuleni pasipo mwalimu na chumba chenye bomba la kutoa hewa. Nayataja haya ili ujue kwamba hata wataalamu hawakuridhika, wakatafuta njia ya upole.

Njia ya upole ilikuwa jangwani. Mwaka wa 2002 Rajdip Bandyopadhyaya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walitangaza kwamba mirija ya kaboni ikitiwa katika maji yenye gundi ya mgunga hutengana mmoja mmoja, ikabaki imeelea. Tena ukiyakausha maji upate unga, ukautia maji upya, hutawanyika tena. Gundi huuzunguka mrija kama mzabibu uzungukavyo kigogo. Upande wake mmoja huushika mrija, upande mwingine huyashika maji. Hakuna ukuta uliovunjwa. Nao waliokumbusha habari hii walikiri kwamba si mpya, kwa kuwa wino wa Wamisri wa kale ulikuwa masizi na gundi. Na gundi hii hutoka wapi? Hutoka katika mti ambao wataalamu huuita Acacia senegal, ulio mwingi katika nchi kavu za Isiolo, Samburu, Turkana, Wajir na Garissa. Ukitoka Nanyuki ukateremka kaskazini, mlima ukiwa mgongoni mwako, katika safari ya siku moja utafika nchi ambayo wachungaji huikwangua gundi hiyo katika magome na kuiuza kwa kilo. Basi ni nani aliyekuambia kwamba mambo haya ni ya Houston peke yake?

Rudia jaribio letu la koroboi. Mara hii yatwae masizi yale yale, uyasage pamoja na gundi iliyolainishwa kwa maji machache, taratibu, kwa muda mrefu. Kisha ongeza maji. Weka glasi hii karibu na ile ya kwanza, uziache hata kesho yake. Ya kwanza itakuwa na maji meupe na uchafu juu. Ya pili itakuwa nyeusi tangu juu hata chini. Jaribio hili halina asidi, halina gharama, na laweza kufanywa katika shule yoyote kutoka Othaya mpaka Chuka. Nimeona wanafunzi wakilitazama kwa mshangao ambao sikuuona walipokuwa wakikariri maneno manne ya kitabu.

Basi huo ndio ujinga wa wale wanaosema kwamba elimu hii si yetu. Masizi tunayo. Gundi tunayo. Siki, sabuni na asidi zimo katika vitabu vyetu, kila moja katika sura yake, mbali na mwenziwe, kana kwamba hazijuani. Kinachokosekana ni mtu wa kuziambia sura hizo kwamba ni ndugu. Tena tuna haja. Wakulima wa kahawa wa Nyeri, Kirinyaga na Murang'a wamenyunyiza dawa za kuvu zenye shaba kwa miaka mingi, na shaba haiozi. Hubaki udongoni, na mvua huihamisha. Shaba iliyoyeyuka katika maji ina chaji chanya. Kaboksili ina chaji hasi. Mkaa ulioumwa na asidi, ukapata vikundi hivyo usoni mwake, huikamata shaba, na risasi pia, kushinda mkaa mtupu. Na mkaa wenyewe waweza kupatikana kwa maganda ya makadamia, ambayo hapa kwetu ni magumu kama jiwe na ni mengi, au kwa makapi ya kahawa. Sisemi kwamba chujio hilo tayari lipo katika kila kijiji. Nasema kwamba kijana anayeielewa kaboksili anaweza kulifikiria, na yule aliyekariri hawezi hata kuliota.

Lakini nisingejisumbua kuandika kama hiyo ndiyo hoja yangu yote. Wako watu wengine, wa upande wa pili, na hao nawaogopa kushinda wale wa kwanza. Wale wa kwanza huidharau elimu, hawa huisujudia. Kwao kila kitu chenye jina la nano ni baraka, na anayeuliza swali ni adui wa maendeleo. Huyaona maneno hayo kwenye kopo au kwenye tangazo wakapiga makofi. Msomaji, kumbuka tulichokitenda: tumechukua kitu ambacho maji yalikikataa, tukakifundisha kusafiri ndani ya maji. Masizi yaliyokataa maji yalikuwa na fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba yalikaa mahali pake. Yalielea, yakashikana, yakatuama, ukaweza kuyazoa. Yaliyokubali maji hayazoleki. Yanakwenda yaendako maji.

Tena mto wenyewe hufanya kazi ya gundi. Mwaka wa 2007 wataalamu wa Georgia, Marekani, walitia mirija ya kaboni ambayo haikutendwa kwa asidi katika maji ya mto Suwannee, mto ambao rangi yake ni ya kahawia kwa ajili ya majani na magome yaliyooza. Mirija ilitawanyika, ikaelea kwa muda wa zaidi ya mwezi mmoja. Ile mabaki ya majani yaliyoyeyuka majini iliizunguka mirija, ikaibeba. Sasa fikiri juu ya mito yetu inayotoka ndani ya misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, inayooshwa na majani yaliyooza mwaka mzima. Yule atakayekuambia kwamba kaboni yake haiyeyuki na kwa hiyo haiwezi kwenda popote, amesoma kitabu cha maneno manne.

Je, ina madhara? Hapa nataka uwe na subira, kwa kuwa jibu si moja, na watu wa pande zote mbili hupenda kutaja nusu yake. Mwaka wa 2008 wataalamu walioongozwa kutoka Edinburgh walionyesha kwamba mirija mirefu na migumu, ikitiwa ndani ya tumbo la panya, huleta uvimbe wa namna ile iletwayo na nyuzi za asbesto. Mwaka wa 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka aina moja ya mirija yenye kuta nyingi katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani kwa binadamu; kuhusu aina nyingine, ushahidi haukutosha kutoa hukumu. Kwa upande mwingine, mwaka wa 2004 watu wa Rice walipima sumu ya fulerini juu ya chembe hai za binadamu, wakaona kwamba kadiri fulerini ilivyovishwa vikundi vya oksijeni na hidrojeni, ndivyo sumu yake ilivyopungua, tena kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo vazi lile lile linaloifanya kaboni isafiri mbali zaidi laweza kuifanya isafiri kwa upole zaidi. Urefu wa mrija, ugumu wake, vazi lake, asidi na metali zilizosalia ndani yake kutoka katika kutengenezwa: yote hayo hubadili jibu. Mtu anayesema kwamba nano ni sumu hajui asemalo; na mtu anayesema kwamba nano ni salama ni mwenziwe kabisa.

Na maji yetu huenda wapi? Chania hupita kando ya mji wa Nyeri. Chania na Gura huishia katika Sagana, na Sagana huwa Tana. Tana huingia katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, hupita mabwawa mengine manne yanayotupa umeme, kisha hushuka katika nchi kavu mpaka Garissa, Hola na Garsen, na kufika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Katika njia hiyo Wapokomo hulima kandokando yake na Waorma huleta ng'ombe wao kunywa. Upande wa pili wa mlima, mto wa Nanyuki hujiunga na Ewaso Ng'iro, ukaenda Archers Post mpaka kinamasi cha Lorian, ukipita nchi ile ile ya migunga. Watu hao wote hawana sauti katika yale tunayoyamimina hapa juu. Hawatujui hata majina. Sisi tumewekwa juu ya mfereji, na aliye juu ya mfereji ana wajibu ambao aliye chini hana.

Najua nitaulizwa: mbona kelele nyingi, na hapa kwetu hakuna kiwanda cha mirija ya kaboni? Hoja hii ni dhaifu. Taasisi ya Ufundi ya Kimathi ilianzishwa kwa michango ya harambee ya wananchi wa Nyeri, na mwaka wa 2012 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Katika ardhi yake, isiyo mbali na mikahawa ya chuo chenyewe, imejengwa kampuni ya Semiconductor Technologies Limited kwa kazi ya vipande vile vidogo vinavyotumika ndani ya kompyuta na simu. Sishuku chuo wala kampuni, wala sina neno baya juu yao; nafurahi kwamba vijana wetu wanaweza kufanya kazi hizo pasipo kupanda ndege. Lakini usiniambie kwamba elimu ya nano iko mbali. Imekwisha kufika, iko upande wa pili wa ua. Itakayofuata itakuja, iwe na mirija, au na grafini, au na chembe zinazong'aa, na itakapokuja itataka asidi na maji, na maji hayo yatataka pa kwenda.

Ndipo namkumbuka Wangari Maathai, na nataka nimtaje kwa jambo ambalo aghalabu watu hulisahau. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka wa 1940. Watu humkumbuka kwa miti, kwa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani aliloanzisha mwaka wa 1977, na kwa Nobel ya amani ya mwaka wa 2004. Lakini kabla ya miti alikuwa mwanasayansi. Alisomea biolojia Marekani, akapata shahada ya pili Pittsburgh mwaka wa 1966, na shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1971, akafundisha anatomia ya wanyama. Alizoea kutazama vitu vidogo kwa hadubini. Aliposema kwamba vijito vinakauka kwa sababu misitu imekatwa, hakuwa akilia tu. Alikuwa akieleza sababu na matokeo, na wenye mamlaka walioweza kumtukana hawakuweza kumjibu. Huyo ndiye mtoto wa Nyeri ambaye wale wa sokoni wangelimwambia apalilie kahawa akatosheka.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, inakupa haki ya maji safi na salama. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Na kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa wazihitaji ili kulinda haki yako. Hizi ni haki nzuri. Lakini nani ataitumia haki ya kuuliza ikiwa hajui la kuuliza? Mwananchi asiyejua kaboksili ni nini ataambiwa kwamba mambo yote yako sawa, naye atashukuru na kurudi nyumbani. Ataonyeshwa maji meupe ndani ya chupa, naye ataona kwamba ni meupe, kwa sababu chembe ya nanomita mbili haimchafulii mtu glasi.

Kwa hiyo siku utakapokwenda na darasa lako katika chuo au kiwanda, mkapewa koti jeupe na kuonyeshwa mitambo, usiridhike na kupiga picha. Uliza ni kaboni ya namna gani, na mirija yake ni mirefu kiasi gani. Uliza kama imetendwa kwa asidi au imevishwa gundi au sabuni. Uliza maji ya kuoshea hukusanywa katika pipa gani, ni nani anayeyapima kabla ya kuyaachia, na anapima nini ndani yake. Kwani ukali wa asidi ni rahisi kupima, na waweza kuondolewa wote huku kaboni imebaki ndani ya maji, imeelea, haionekani. Mwenyeji wako akiwa mtaalamu wa kweli atafurahi, ataketi nawe, na atakueleza hata saa ya basi ipite. Akikasirika, andika katika daftari lako swali lililomkasirisha, pamoja na tarehe, na uje nalo shuleni tulisome pamoja.